Benito Mussolini: Ngoma Iliyovuma Ikapasuka

Kabla sijaanza kisa chenyewe nina deni la kulipa. Wengi wenu mlikuwapo bwaloni muhula wa pili, chama chetu kilipoandaa mjadala kuhusu mada kwamba vita huimarisha taifa. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono. Nilisema kwamba kiongozi akiingia vitani watu wake huwa kitu kimoja, wapinzani hunyamaza na nchi husonga mbele kama mtu mmoja. Msemaji mmoja wa upande wa kupinga, mwenye sauti ndogo, alituuliza kama hao wanaonyamaza wamekubali au wameogopa tu. Tulimzomea mpaka akaketi. Mlinipigia makofi hadi meza zikatikisika, upande wetu ukashinda, na usiku ule nililala nikijiona simba.

Kesho yake mwalimu wetu wa Historia alinisimamisha karibu na maktaba. Hakunikemea. Aliniambia tu nikasome maisha ya Benito Mussolini wa Italia, halafu nirudi nimwambie kama bado nasimama palepale. Mimi nilichukua jambo hilo kama mzaha. Lakini wiki mbili baadaye, tulipokuwa safarini kuelekea Naivasha, basi letu likateremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu. Kando ya barabara ile kuna kikanisa kidogo mno, hata ukipepesa macho umekipita. Mwalimu alitueleza kwamba kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakiijenga barabara hiyohiyo. Nikajiuliza: Waitaliano walitafuta nini huku kwetu hata wakaishia kuvunja mawe katika Bonde la Ufa? Jibu la swali hilo ndilo hili nililowaletea.

Mussolini alizaliwa tarehe 29 Julai 1883 katika kijiji cha Dovia, eneo la Predappio, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mhunzi na msoshalisti wa kuchemka damu. Ndiye aliyempa mwanawe jina la Benito, kwa heshima ya Benito Juárez, mwanamapinduzi wa Meksiko. Mama yake, Rosa, alikuwa mwalimu wa shule na Mkatoliki mcha Mungu. Mtoto mwenyewe alikuwa mtundu kupindukia. Katika shule ya watawa alimchoma mwenzake kisu, akafukuzwa. Hata hivyo kichwa alikuwa nacho, na mwaka 1901 akahitimu kuwa mwalimu. Naam, mnasoma vizuri: mwalimu! Kazi hiyo haikumkalia. Mwaka 1902 alikwenda Uswisi, akahangaika huko kwa vibarua, akiandika na kuhutubia wafanyakazi.

Sasa sikilizeni ajabu ya kwanza. Mwaka 1911 serikali ya Italia ilipoivamia Libya, Mussolini alikuwa miongoni mwa waliopinga vita hivyo kwa nguvu zote. Alichochea maandamano, akakamatwa, akafungwa miezi kadhaa. Yaani mtu ambaye baadaye angepeleka gesi ya sumu Afrika, alikuwa amelala jela kwa kupinga vita vya Afrika! Umaarufu wa kifungo kile ulimfaa. Mwaka 1912 alifanywa mhariri wa Avanti!, gazeti kuu la Chama cha Kisoshalisti.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipolipuka mwaka 1914, Mussolini aligeuka ghafla kama kinyonga. Akaanza kuhimiza Italia iingie vitani, akaanzisha gazeti lake mwenyewe, na chama chake kikamfukuza. Alikwenda vitani kama askari wa kawaida, akajeruhiwa mwaka 1917 mzinga ulipolipuka wakati wa mazoezi. Aliporudi alikuta nchi imejaa askari wasio na kazi, wenye hasira na waliozoea bunduki. Hao ndio aliowakusanya Milano mwezi Machi 1919, akaanzisha kundi la Mafashisti. Vijana wake, waliovaa mashati meusi, walichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi na kuwapiga wapinzani hadharani. Mwezi Oktoba 1922 maelfu yao walianza kuelekea Roma. Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu angeweza kuamuru jeshi liwazuie. Hakufanya hivyo. Badala yake alimwita Mussolini na kumpa uwaziri mkuu akiwa na umri wa miaka 39.

Mnaona, basi, kwamba ngazi ya kwanza ya kupandia madaraka ilitokana na vita. Ngazi nyingine zilifuata upesi. Mwezi Juni 1924 mbunge Giacomo Matteotti, aliyekuwa ameshutumu wizi wa kura bungeni, alitekwa nyara na kuuawa na Mafashisti. Nchi ilitikisika, lakini Mfalme hakufanya kitu. Mwezi Januari 1925 Mussolini alisimama bungeni akabeba lawama zote bila kuona haya, kana kwamba anauliza nani atamfanya nini. Kufikia mwisho wa mwaka 1926 vyama vingine vyote vilikuwa vimepigwa marufuku na magazeti yametiwa kufuli. Mwaka 1929 alipatana na Kanisa Katoliki kwa mikataba iliyoanzisha dola ya Vatikani, na wengi waliokuwa wakimshuku wakaanza kumsifu.

Hata hivyo, bado alikuwa na mipaka. Mfalme alibaki mkuu wa nchi, jeshi lilimwapia Mfalme, na Kanisa lilikuwa na sauti yake. Isitoshe, mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwaacha wengi bila ajira. Mussolini alihitaji jambo la kuwasisimua watu, na macho yake yakatua Ethiopia. Huko, mwaka 1896, jeshi la Italia lilikuwa limeshindwa vibaya na Mfalme Menelik wa Pili katika vita vya Adowa, na aibu ile ilikuwa bado inawachoma Waitaliano.

Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi yake yalivuka mpaka. Yalikuja na vifaru, ndege na gesi ya sumu, silaha ambayo Italia yenyewe ilikuwa imetia sahihi kwamba haitaitumia. Ndege ziliinyunyiza sumu ile juu ya askari na raia, mifugo na mito. Shirika la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, liliiwekea Italia vikwazo vya biashara, lakini mafuta hayakuzuiwa, na Mfereji wa Suez haukufungwa. Ilikuwa kama kumfungia mwizi dirisha huku mlango umeachwa wazi.

Vikwazo vile vilimsaidia Mussolini nyumbani. Aliwaambia Waitaliano kwamba dunia nzima inawaonea. Tarehe 18 Desemba 1935 wanawake waliitwa kutoa pete zao za ndoa ili dhahabu isaidie vita. Malkia Elena mwenyewe alitangulia kuitoa yake mjini Roma, na waliotoa walipewa pete za chuma. Hata watu waliokuwa wakimchukia Mussolini walitoa. Adis Ababa ilipotekwa tarehe 5 Mei 1936, viwanja vya miji ya Italia vilifurika watu waliolia kwa furaha, na siku nne baadaye alitangaza kwamba Italia imekuwa himaya. Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilifunga kitabu nikacheka. Si ndiyo hoja yangu ya bwaloni! Taifa limekuwa kitu kimoja, wapinzani kimya. Nilikuwa tayari kwenda kumwambia mwalimu kwamba nimeshinda mara ya pili. Bahati nzuri nilifungua kitabu tena.

Kumbe mchovya asali hachovyi mara moja. Kiongozi aliyependwa kwa sababu ya ushindi alihitaji ushindi mwingine ili aendelee kupendwa. Kabla vumbi la Ethiopia halijatulia, mwaka huohuo wa 1936, alianza kupeleka ndege na askari Uhispania kumsaidia Jenerali Franco. Na kule Ethiopia vita havikuwa vimekwisha, kwa maana wazalendo waliendelea kupigana milimani. Mwezi Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua gavana Graziani, Waitaliano waliwachinja maelfu ya raia wa Adis Ababa kwa siku tatu.

Kisha vita vile vikaanza kubisha hodi nyumbani. Mwaka 1937 ilitolewa amri ya kumfunga hadi miaka mitano Mwitaliano aliyeishi na mwanamke Mwafrika kama mke na mume katika makoloni. Watu wa Roma na Milano hawakujali, kwa kuwa jambo lenyewe liliwahusu watu weusi wa mbali. Lakini serikali ikishazoea kupanga watu kwa damu zao, haisimami mpakani. Mwaka 1938 zamu ya Wayahudi wa Italia ilifika. Walikuwa wachache, hawakufika 50,000, na baadhi yao walikuwa wanachama wa chama cha Mussolini mwenyewe. Mwezi Septemba wanafunzi na walimu wa Kiyahudi walifukuzwa katika shule za serikali. Mwezi Novemba ndoa kati yao na Waitaliano wengine zikapigwa marufuku. Hebu wazia, msomaji mwenzangu, ufike darasani siku ya kufungua shule ukute dawati la rafiki yako ni tupu, na mwalimu wa Hisabati naye hayupo, na hakuna anayethubutu kuuliza. Mwanasayansi mashuhuri Enrico Fermi, ambaye mkewe alikuwa Myahudi, alikwenda Stockholm Desemba 1938 kupokea Tuzo ya Nobel, na hakurudi Italia. Alielekea Marekani.

Hata lugha haikuachwa. Waitaliano hutumia neno lei kumwita mtu wanayemheshimu. Mwaka 1938 chama kiliagiza neno hilo liachwe, watu watumie voi. Kupeana mikono nako kulikatazwa ofisini, ikawa ni kuinua mkono juu kwa saluti. Sisi wa Chama cha Kiswahili tutaelewa uzito wake: ni kama tuamke asubuhi moja tukute shikamoo imepigwa marufuku kwa amri ya serikali. Mwaka 1939 Bunge lililochaguliwa, ambalo kwa kweli lilikuwa limebaki ganda tu, lilifutwa kabisa, likawekwa baraza la watu waliopewa viti kwa vyeo vyao. Naye Mfalme alianza kumwonea Mussolini kinyongo, hasa pale mwaka 1938 wote wawili walipopewa cheo kimoja cha juu kabisa cha kijeshi, kana kwamba nchi ina wafalme wawili.

Na rafiki yake je? Hapa lazima tuingie Ujerumani kidogo, maana vita vya Ethiopia vilibadilisha siasa za huko pia. Mwaka 1934 Mussolini alikuwa amepeleka majeshi mpakani kumzuia Hitler asiinyakue Austria. Baada ya Ethiopia aligombana na Uingereza na Ufaransa, akabaki hana pa kuegemea ila Hitler. Hitler naye hakulala. Tarehe 7 Machi 1936, dunia ikitazama Ethiopia, alipeleka askari wake Rhineland, eneo ambalo mikataba ilimkataza kuliingia. Majenerali wake waliogopa sana kwamba Ufaransa ingewashambulia. Haikuwashambulia. Tangu siku hiyo jenerali aliyeshauri tahadhari alionekana mwoga, na Hitler akaonekana mtu asiyekosea. Mwezi Februari 1938 aliwaondoa wakuu wa jeshi akachukua amri yeye mwenyewe. Mwezi uliofuata aliichukua Austria, na safari hii Mussolini alinyamaza. Mwezi Mei 1939 wawili hao walitia sahihi Mkataba wa Chuma, wa kusaidiana vitani kwa hali yoyote.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza Septemba 1939, Mussolini alisitasita kwa sababu jeshi lake lilikuwa limechoshwa na Ethiopia na Uhispania. Lakini Ufaransa ilipokaribia kuanguka, alidhani vita vimekwisha na kilichobaki ni kugawana nyara. Akatangaza vita tarehe 10 Juni 1940. Mwezi Oktoba aliivamia Ugiriki. Wagiriki walimrudisha nyuma kwa fedheha, ikabidi Wajerumani waje kumwokoa. Huku kwetu, Waitaliano walikuwa wameiteka Moyale mwezi Julai 1940. Mapema mwaka 1941 askari wa KAR, yaani Keya, waliotoka Kenya na nchi jirani, wakiwa pamoja na wenzao wa Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini, waliwafukuza kupitia Somalia. Adis Ababa ilikombolewa mwezi Aprili, na tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu itekwe, Mfalme Haile Selassie akarudi kwake. Kumbukeni tu kwamba Keya wale walipigania uhuru wa Ethiopia wakati nchi zao wenyewe hazikuwa huru. Maelfu ya Waitaliano waliletwa Kenya kama mateka. Hata aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wao, Mtawala wa Aosta, alifariki Nairobi akiwa mateka mwezi Machi 1942, akazikwa Nyeri. Hivyo ndivyo kikanisa cha Mai Mahiu kilivyopata wajenzi.

Nyumbani Italia, ule umoja wa pete za dhahabu ukawa umeyeyuka. Wanaume walipelekwa Urusi wakafia katika theluji. Chakula kilikuwa kwa mgao. Mwezi Machi 1943 wafanyakazi wa viwanda vya Turin na Milano waligoma, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka mingi. Mwezi Julai Wamarekani na Waingereza walitua Sisilia, na Roma ikapigwa mabomu. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai 1943, Baraza Kuu la Ufashisti, lililokuwa halijakutana tangu mwaka 1939, lilipiga kura. Wajumbe 19 kati ya 28 walitaka amri ya jeshi irudishwe kwa Mfalme. Mmoja wao alikuwa Galeazzo Ciano, mkwewe Mussolini. Alasiri ile Mfalme alimfuta kazi na polisi wakamkamata papo hapo nje ya jumba. Miaka 21 ya utawala iliporomoka kwa siku moja, na wale waliokuwa wakimshangilia viwanjani hawakuinua hata kidole kumtetea.

Hapo ndipo swali la yule mwenzetu wa sauti ndogo liliponirudia. Watu wale hawakuwa wamekubali. Walikuwa wamenyamaza.

Wajerumani walilitazama jambo hili kwa hofu. Tayari mwezi Aprili 1942 Bunge lao la jina tu lilikuwa limempa Hitler mamlaka ya kuwa juu ya majaji wote, na halikukutana tena. Sasa, mwezi Agosti 1943, alimfanya Himmler, mkuu wa SS, kuwa waziri wa mambo ya ndani, na waliothubutu kunong'ona kwamba vita vimeshindwa wakawa wanapoteza vichwa. Italia ilipotangaza kusalimu amri tarehe 8 Septemba, Wajerumani waliiteka nchi ya rafiki yao. Zaidi ya askari 600,000 wa Kiitaliano walipelekwa kambini. Mussolini aliokolewa gerezani mlimani na askari wa Hitler, akawekwa kaskazini kuongoza serikali ambayo haikuweza kuamua lolote bila Wajerumani. Huko, mwezi Januari 1944, mkwewe Ciano alipigwa risasi kwa kosa la kura ile, na baba mkwe hakumwokoa. Tarehe 20 Julai 1944 Mussolini alimtembelea Hitler na kumkuta ametoka kuponea chupuchupu bomu lililotegwa na maofisa wake mwenyewe. Wawili wale walisimama pamoja katika chumba kilichobomoka. Ilikuwa mara yao ya mwisho kuonana.

Tarehe 28 Aprili 1945 wapiganaji wa Kiitaliano walimpiga risasi Mussolini karibu na ziwa Como, baada ya kumkamata akijaribu kutoroka. Maiti yake ilining'inizwa miguu juu katika kiwanja kimoja cha Milano, mji uleule alikoanzishia chama chake. Mfalme naye hakupona kisiasa. Tarehe 2 Juni 1946 Waitaliano, wanawake wakipiga kura ya taifa zima kwa mara ya kwanza, walichagua jamhuri na kuuondoa ufalme ulioshindwa kusema hapana mwaka 1922. Katiba yao iliyoanza kutumika mwaka 1948 inakataa vita kama njia ya kuvamia uhuru wa watu wengine.

Wenzangu, nilirudi kwa mwalimu nikamwambia sisimami tena palepale. Ni kweli vita vilimpa Mussolini makofi, lakini kila kofi alililipia kwa kitu cha watu wake: bunge, shule, majirani, hata neno la heshima mdomoni. Rafiki aliyemtegemea akawa bwana wake. Na watu alioambiwa wameungana walikuwa wakisubiri siku ya kufungua midomo. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Mwalimu aliniuliza kama nimeshamwambia yule niliyemzomea. Nilimwendea jioni ile penye mifereji ya kuoshea sahani, nikamwomba radhi. Alicheka tu, akaniambia nimshikie sabuni. Ametaka jina lake lisitajwe hapa, lakini anajijua. Deni langu kwake nimelipa, na lenu nyinyi mlionipigia makofi ndilo hili.